Bi Nafsi Ndani ya Redio

Usiku wa jana niliota bomba la mtaa wetu limevaa barakoa.

Halikuwa jambo la kushangaza sana. Tangu ugonjwa huu uingie, kila chenye mdomo kimeambiwa kiufunike, na bomba lina mdomo. Nikalisalimu. Likanijibu kwa sauti ya puani, "Salama, Bibi. Lakini usinisogelee. Mimi ni msongamano."

Niseme kwanza mambo yalivyo tukiwa macho, ili ndoto isije ikaonekana ya ajabu.

Kioski chetu cha maji kina siku kumi na moja kimefungwa kufuli. Mtendaji wa mtaa alikuja na kipaza sauti, akasema watu wanabanana pale na ndoo zao, wataambukizana. Akabandika tangazo mlangoni. Mstari wa kwanza unasema tunawe mikono kila mara kwa sabuni na maji tiririka. Mstari wa pili unasema maji yatarudi pindi serikali na sekta binafsi zitakaposhikana mikono. Mstari wa tatu unasema ni marufuku kushikana mikono. Mimi nimefika darasa la nne, nasoma polepole, kwa hiyo nililisoma lote mara tatu. Wanaosoma haraka walipita tu.

Nyumbani ninaye mkwe wangu, Rukia. Mwanangu yuko safarini, na Rukia alijifungua binti siku sita zilizopita. Siku ya saba ndiyo hii ya leo: mtoto anyolewe, aogeshwe, apewe jina. Maji yote tuliyokuwa nayo jana ni nusu dumu, yamechotwa korongoni, rangi yake kama chai ya maziwa. Nilipopanda kitandani nilimwambia Rukia, "Mjukuu wangu hataogeshwa kwa tope." Na neno hilo ndilo nililoingia nalo ndotoni.

Basi nikaliuliza bomba, "Ufunguo wako uko wapi?"

"Kwa wakubwa."

"Wakubwa wanakaa wapi?"

"Unawasikia kila asubuhi halafu unaniuliza mimi?"

Nikaona lina haki. Nikageuka, nikapiga hatua moja, nikawa ndani ya redio yangu.

Ndani ya redio kuna joto na harufu ya vumbi lililoungua. Betri zangu mbili zimesimama katikati ya ukumbi kama nguzo. Nazitambua kwa alama za meno, maana zikichoka huwa naziuma kidogo kisha naanika juani. Mlangoni amesimama mzee mwembamba, mnyoofu, hana tumbo wala makalio, amechorwa namba kuanzia kisigino mpaka utosini.

"Wewe nani, baba?"

"Mita Moja," anasema, na papo hapo analala chini kati yangu na watu waliomo ndani. Ninasogea, naye anainuka, anasogea, analala tena. Nguo zake zimejaa vumbi. Namwonea huruma, lakini kila mtu na kazi yake.

Upande wa kushoto ameketi Serikali. Ni mwanamume wa makamo, kaunda suti yake imepigwa pasi vizuri, na mahali pa uso ana muhuri. Akitaka kusema anainama, anagonga karatasi, unasoma.

Nilisimama nikingoja. Serikali ni mkubwa, sikatai, lakini mimi alipozaliwa nilikuwa nimeshaota meno ya pili. Nakumbuka siku hiyo ya uhuru tulipewa biskuti shuleni. Nikangoja. Mwishowe akainama, akagonga: SHIKAMOO.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Hujambo?"

SUALA HILO LINAFANYIWA KAZI, akagonga.

Upande wa kulia ameketi mwanamke mnene, mzuri, mikono imejaa bangili. Sikuhitaji kuambiwa. Huyu mama nimemsikia redioni miaka na miaka: Serikali na Sekta Bi Nafsi wamefanya hiki, Serikali na Sekta Bi Nafsi wajitokeze kwa kile. Siku zote nimejua ni mwanamke mwenye uwezo, na kwamba Sekta ni jina la kwao. Sijawahi kumuuliza mtu. Kwa nini niulize jambo ninalolijua?

"Bi Nafsi," nikasema, "nimefurahi kukuona. Redioni sauti yako ni ya mwanamume."

"Huyo ni msemaji wangu," akasema.

Kabla hajaendelea, kitu ukutani kikaita, "Bi Nafsi!" Akasimama wima, akatabasamu, akashika ndoo mbele ya kifua, akajibu, "Abee!" Akabaki hivyo mpaka tabasamu likamchoka, ndipo akaketi.

"Nani anakuita?"

"Wito. Mimi huwa naitikia wito."

"Na ukishaitikia, unakwenda?"

Akaangalia bangili zake. "Nimetoa ndoo mia moja, Bibi. Zina koki. Zina picha yangu."

Ni kweli alizitoa, hata tukiwa macho ziko pale ofisini kwa mtendaji zimepangwa. Sasa zikaingia zenyewe, moja moja, zikapanga mstari. Ya mbele ikakohoa vumbi. "Mimi buibui amezaa ndani yangu," ikasema. "Watoto wana afya."

"Mama," nikamwambia Bi Nafsi, "ndoo kavu haimwogeshi mtoto."

"Unanisema?"

"Nakusifu nusu. Nusu nyingine nimekuja kuichukua."

Serikali akagonga haraka: MIMI NIMESHATOA MWONGOZO.

"Nimeuona, mwanangu. Nimeusoma mara tatu. Lakini mwongozo ukiubandika jikoni hauchemki."

Muhuri ukakauka kidogo. Akauchovya kwenye wino, akavuta fomu. JINA LA MTOTO?

"Hana. Atapata jina akishaoga."

ASIYE NA JINA HAOMBEWI MAJI.

"Na asiye na maji haogi, na asiyeoga hapati jina. Tutazunguka hapa mpaka betri ziishe, na mimi ndiye ninayezianika. Andika: Mtu."

Akafikiri. Nilisikia wino ukifikiri. Kisha akagonga: MTU. IMEPOKELEWA.

Nilikuwa sina haraka. Nimelea saba, nimeuguza mume miaka miwili. Kusubiri nakujua kuliko wengi. Nikavuta kipande cha waya, nikakikalia.

"Ufunguo," nikasema.

Wakatazamana. Bi Nafsi akafungua kiganja: kulikuwa na meno ya ufunguo, bila kichwa. Serikali akafungua chake: kichwa cha ufunguo, bila meno.

"Ulikatika siku ya kugawana majukumu," Bi Nafsi akasema. "Tangu hapo tunatakiwa kushikana mikono uungane. Lakini huyu mwenzangu kapiga marufuku."

KWA AJILI YA AFYA YAKO, akagonga Serikali.

"Humwoni anavyojibu? Siku kumi na moja ananijibu hivyo hivyo."

Wakanyoosha mikono ili nione shida ilivyo. Ilipokaribiana tu, Mita Moja akaruka, akalala kati yao, mgumu kama rula. Wakairudisha mikono. Nikaona wamelifanya hilo mara nyingi. Sakafu pale ilikuwa imeng'aa.

HATA HIVYO, akagonga Serikali, NIKIFUNGUA WATABANANA.

Hapo nikacheka, kwa adabu. "Wewe hujawahi kuteka maji, mwanangu."

SIJAWAHI.

"Sisi tangu zamani foleni inapangwa na ndoo. Unaiweka ndoo yako nyuma ya ndoo ya mwenzio, unarudi nyumbani unachambua mchele. Zamu ikifika unaitwa. Waliobanana ni kwa sababu ndoo zilikuwa chache, mtu anaogopa ya kwake itaibwa, anaikalia. Sasa huyu mama katoa mia. Zipange, mita moja moja, watu wakae kwao. Ndoo hazikohoi."

Ndoo ya mbele ikafunga mdomo.

Bi Nafsi akanitazama kwa mara ya kwanza bila kutabasamu. "Hili mbona sikuambiwa?"

"Uliitikia kabla ya kuulizwa, mama."

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa kanga mbili, moja kiunoni, moja mabegani. Nikavua ya mabegani. Ni kanga ya zamani, imefifia, lakini jina lake bado linasomeka: MKONO MTUPU HAUNAWISHI. Nikampa Bi Nafsi pindo moja, nikampa Serikali la pili, nikawaambia warudi nyuma mpaka inyooke.

Mita Moja akalala chini yake, akapima. Akaamka, akalala tena upande wa pili.

"Imezidi," akasema.

"Ikizidi ni kosa?"

"Ikipungua ndiyo kosa."

"Basi pumzika, baba."

Akalala palepale, akakoroma. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie.

"Sasa," nikawaambia wale wawili, "mmeshikana mikono. Katikati pana kanga tu. Inueni."

Wanainua. Kanga inafanya bonde. Bi Nafsi anaachia meno ya ufunguo, yanateleza kutoka kwake. Serikali anashikilia kichwa. Anashikilia. Ukumbi mzima unamngoja, ndoo mia zinamngoja.

"Achia, mwanangu. Hakipotei. Kinakwenda kwa Mtu."

Anaachia. Vipande vinakutana bondeni, vinagonga, ti. Bi Nafsi anashtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Serikali anainama, anagonga, na wakati huu wino unatoka mwepesi: KUMBE.

Sikungoja wabadili mawazo. Nikakusanya kanga, nikafunga fundo pindoni, fundo la kike, linalofunguka kwa meno tu. Ukutani Wito ukaita, "Bi Nafsi!" Safari hii hakusimama apigwe picha. Akashika ndoo mbili, akaniuliza, "Njia ni ipi?"

Nikapiga hatua moja, tukawa kioskini. Ndoo zimeshajipanga kuanzia bombani mpaka nyuma ya shule, kati ya ndoo na ndoo amelala Mita Moja, sijui alijigawaje. Hakuna mtu hata mmoja. Kila mlango wa mtaa mtu amekaa kizingitini anachambua mchele, anangoja kuitwa. Serikali alikuja nyuma akitembea kwa shida, kwa kuwa hajazoea kushuka.

Bomba likaniona. "Umekuja nao?"

"Nimekuja nao."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, na wameshikana."

"Basi nivue hii kitu, Bibi. Mimi sikuwahi kukohoa."

Nikalivua barakoa. Nikainama, nikatafuta fundo la kanga, nikaliuma. Ndani ya bomba nikasikia maji yanajiandaa, yananong'onezana kama wanawake nyuma ya pazia siku ya harusi. Fundo lilikuwa gumu. Nikauma tena.

Nikaamka nimeuma kanga yangu.

Kumekucha. Jogoo wa jirani ameshamaliza. Kupitia ukuta namsikia mtoto akilia kile kilio chake kifupi, na Rukia akimbembeleza. Redio iko dirishani, imefungwa mpira, betri zake bado ziko nje nilikozianika.

Rukia akaingia na mtoto begani. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Lile dumu la korongoni limetua tope, lakini halijawa safi." Akaona pindo la kanga yangu. "Mama, umefunga nini kwenye kanga?"

Nikatazama. Pindoni palikuwa na fundo. Mimi silali na fundo, linaniumiza ubavu. Nikalifungua kwa meno, taratibu, sina haraka. Akadondoka ufunguo mdogo wa kufuli, wa shaba, na katikati ya kichwa na meno ulikuwa na alama nyembamba, kama mahali palipovunjika pakaunga.

Rukia akautazama, akanitazama mimi. Hakuuliza. Ni mkwe mzuri.

Nikavaa barakoa yangu, nikajitanda kanga, nikachukua ndoo.

"Bandika sufuria kubwa," nikamwambia.

"Maji ya kubandika hatuna, Mama."

"Nimesema bandika."