Kabla Kipoyi Haijavuka Mulango

Kosa ilikuwa ya Védaste, na yeye mwenyewe njo aliisema mbele ya waganga wenzake, makofi ikiwa haijaisha.

Huyu infirmier, muuguzi wa disipanseri moja ya milimani, kule Masisi, alikuwa anachekesha hata mutu mwenye kungojea kuchomwa shindano. Mwaka 1967, dokta mukubwa aliomba kila disipanseri iandike mu kaye, daftari yake, miezi sita: mugonjwa wa haraka alifika saa gani, akashikwa na muganga saa gani. Alitaka kujua watu wanakufia wapi, njiani ao kwenye disipanseri.

Siku ya matokeo, dokta akasoma: mwenye kutoka damu, akingoja hata nusu saa, kumuponesha inakuwa ngumu. Akaongeza kwamba kwa Védaste wanangoja dakika tano tu. Makofi ikapigwa. Védaste akasimama.

Akaeleza. Kwao wabeba kipoyi, kile kitanda ya kubebea mugonjwa kwenye mabega, hawaulizwi kitu mbele hawajakunywa. Mugonjwa anawekwa kwenye kivuli, wabebaji wanapewa mutobe ya ndizi, wanasalimiwa mumoja-mumoja. Yeye njo alikuwa anawamiminia, na kuwachekesha. Saa ya kufika aliiandika wakati kipoyi ilivuka mulango.

"Na mbele ya mulango?" dokta akauliza.

"Mbele ya mulango, Dokta, nilikuwa ninapiga mizaha."

Hakuna mwenye alicheka. Dokta akamupa juma moja atafute saa za kweli.

Védaste akapanda vilima, kaye kwapani, anauliza nyumba kwa nyumba, macho chini. Watu wakamusaidia. Ikabakia jina moja, Nyiransabimana, mwenye alizalia njiani, damu ikakataa kusimama. Kaye ilisema dakika ine. Alikufa siku ile ile. Na Védaste alikumbuka vizuri: alikuwa anasimulia habari ya ng'ombe iliyoingia katika misa, wabebaji wakashika mbavu. Bwana ya mama huyo, Nzabonimpa, peke yake aliendelea kuangalia kipoyi.

Akamukuta Nzabonimpa anakamua ng'ombe. Hakugeuka.

Védaste akafungua kaye juu ya mukono.

"Papa Nzabonimpa, sikuja kuomba unisamehe. Nimekuja juu ya ile saa. Mulipomuweka mama kwenye kivuli, jua ilikuwa imefika wapi?"

Maziwa iliendelea kulia mu ndoo.

"Niambie, Papa. Hata kama ni kwa kunyoosha tu kidole."