Utakaso wa Dada na Gauni la Watu

Dada yangu alianza kutakasika Jumatatu asubuhi, na kufikia mchana nilikuwa nafua peke yangu.

Sisi ni madobi. Marehemu baba alituachia chumba cha mbele chenye kaunta, chumba cha nyuma chenye mashine, beseni la bati na meza ya pasi, na sheria moja ambayo hatujawahi kuivunja: anayepokea nguo huisemea. Yaani ukipokea shati la mtu mbele, unalipeleka nyuma mwenyewe na kumwambia anayefua kila ulichoambiwa. Hili lina doa la mafuta, hili linachuja, hili zipu yake inauma. Karatasi hatutumii. Zamani wino wa kikaratasi ulichuja kwenye kanzu ya mteja, na baba akaapa kwamba kalamu haitaingia tena humu ndani. Kwa hiyo nguo tunaifunga uzi wa rangi ili tujue ni ya nani. Mengine yote hupita mdomoni.

Sasa fikiria duka la namna hiyo, halafu mpokeaji wa nguo ameweka nadhiri ya kutosema.

Wazo lilikuwa la mwalimu wake wa yoga, bwana mmoja mpole ambaye mimi humwita Pumzi, kwa kuwa kila jambo kwake linaanzia na kuishia puani. Dada alikuwa mwanafunzi wake tangu mumewe alipomwacha, na kwa muda huo alikuwa amejifunza kukunja miguu, kukunjua mgongo na kunikunjia uso kila nikila vitunguu. Sasa alitaka kupanda daraja. Huko juu, alinieleza, kuna mazoezi ya pumzi mazito, ambayo hupewi mpaka usafishwe ndani. Vinginevyo nguvu inapanda, inakuta uchafu njiani, inakuharibu.

"Kama bomba la jikoni," nikasema.

"Ndiyo maana hukui," akasema.

Basi akasafishwa. Kila asubuhi alijaza kibirika chenye mdomo mrefu kama wa korongo, akainamisha kichwa, akamimina maji ya chumvi kwenye tundu moja la pua yakatokea la pili. Akakwangua ulimi kwa kijiko. Akanywa maji ya chumvi na kuyatapika kwa hiari yake, mtu aliyekuwa akinigombeza nikipiga chafya karibu na mashuka. Jioni alikodolea mshumaa macho bila kupepesa mpaka machozi yakamtoka, na Mama akapita mlangoni akauliza nani kamuudhi mwanawe.

Hayo yote niliyavumilia. Mwili ni wake. Ila sharti kubwa la utakaso lilikuwa kimya cha wiki nzima, kuanzia Jumatatu ile ile. Na Pumzi, ambaye hakuwahi kuniuliza kazi yetu inaendaje, aliziba kila mwanya: kuandika ni kusema kwa vidole, ishara ni kusema kwa mikono, na kukunja uso ni kusema kwa nyusi. Kutikisa kichwa tu kuliruhusiwa, tena kwa upole.

Wateja walimpenda ghafla. Walisimama kaunta wakieleza habari za nguo, kisha za wakwe, kisha za maisha, naye akitikisa kichwa kama mti wenye subira. "Dada yako anajua kusikiliza," waliniambia. Nikawa nawakimbilia mtaani kuwauliza upya: mama, lile sweta lako lilisemwaje? Wengine walikasirika. Walikuwa wameshaeleza.

Ijumaa nilikwenda kurudisha mashuka ya nyumba ya wageni. Niliporudi nikakuta kwenye meza ya nyuma gauni jeupe la harusi, limefungwa uzi wa bluu. Uzi wa bluu ni wa muuguzi wa zahanati ya jirani. Gauni nilikuwa nimelisikia kabla ya kuliona: lilikuwa la mama yake, na mama yake hayupo tena duniani. Muuguzi alikuwa anaolewa Jumapili. Lilikuwa na shanga ndogo ndogo kifuani kote, na upindo wake una ukungu wa njano wa nguo iliyolala sandukuni miaka mingi.

Nikaenda zahanati kumuuliza. Wakasema ameshachukua likizo ya harusi, yuko safarini kuwapokea wakwe, na simu haipatikani. Nikarudi.

Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya meza ya pasi, miguu imekunjwa, akivuta pumzi kwa tundu moja na kuitoa kwa jingine. Jumamosi asubuhi Pumzi angempokea daraja la juu. Ilibaki jioni moja tu anyamaze.

"Dada," nikasema, "hili gauni limesemwaje?"

Akabadilisha tundu la pua.

"Njano hii haitoki kwa maji baridi. Nitie maji moto?"

Akafumba macho. Anatazama ndani, nikajisemea. Sijui huko ndani kulikuwa na nini cha maana kuliko gauni la marehemu.

Nikajaza beseni. Mvuke ukapanda mpaka darini. Nikalinyanyua gauni, na hapo nikasikia kitu: pumzi ya Dada ilipoteza hesabu. Ikavutwa mara mbili, haikutolewa. Macho yamefumbwa, lakini mishipa ya shingo imesimama kama kamba za kuanikia.

Nikajua ana neno. Nikajua pia amepanga kufa nalo.

Nikaanza kulishusha gauni taratibu. Upindo ukagusa mvuke. Nikashusha tena.

"Haya, Dada, linaingia. Kama lina neno, hii ndiyo saa yake. Kama halina, endelea kutakasika."

Upindo ukagusa maji. Kiuno kikafuata.

"Gundi!" Dada akaruka kutoka kwenye kigoda, mguu mmoja bado umekunjwa, akanipokonya gauni. "Shanga zimebandikwa kwa gundi, zikipata moto zinadondoka zote, amenisihi karibu apige magoti, we mtoto una wazimu?"

Halafu hakunyamaza. Maneno ya wiki nzima yalikuwa yamepanga foleni. Akanieleza ninavyopiga mluzi vibaya. Akaeleza nguo za kila mteja tangu Jumatatu, moja moja, bila kusahau doa. Akafika kwa mumewe wa zamani, akakaa huko mpaka giza likaingia. Nilifua upindo kwa maji baridi na ndimu, nikimsikiliza. Kwa kweli nilikuwa nimemkumbuka.

Jumapili muuguzi aliolewa na shanga zake zote kifuani.

Ila Jumamosi Dada alikwenda kwa Pumzi na, kwa kuwa ameshatakaswa, akamwambia ukweli. Pumzi akafumba macho, akavuta pumzi, akatoa hukumu: asubiri mpaka mwaka ujao. Isipokuwa, akasema, uchafu uliobaki haukuwa wa Dada. Ulikuwa wa nyumba. Mdogo wake aje mbele ya darasa aombe radhi kwa kumvunjia kimya, na mlango utafunguliwa.

Dada alirudi analia, safari hii bila mshumaa. Na sitanii nikisema linaniuma. Kabla ya yoga alikuwa hali, halali, anapiga pasi mpaka nguo inaungua. Yale mapumzi yamemrudisha, hata mimi ninayeyacheka nimeona.

"Mwanangu, neno moja tu," Mama ananiambia. "Litakupunguzia nini?"

"Ulifanya makusudi," Dada anasema.

"Makusudi kabisa. Ulitaka nisubiri zidondoke?"

"Ningesema."

"Lini? Lilikuwa limeshaingia mpaka kiuno."

Anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha anasogea, ananishika mkono. "Mdogo wangu, nakuomba. Sema tu samahani. Hata kama haitoki moyoni. Hata ya uongo."

Namtazama. Pua imesafishwa, ulimi umekwanguliwa, tumbo limeoshwa kwa chumvi, na ananiomba nikamdanganye mwalimu wake mbele ya darasa ili apande daraja la waliosafika.

Nikienda, nitakwenda na beseni, niwaeleze wote gauni lile lilikuwa la nani, na nani alijua, na nani alifumba macho. Pumzi naye nitamwambia kwamba yuko huru kunifungia mlango hata wa barabarani.

Samahani hawapati. Si ya kweli, si ya uongo. Siombi radhi.