Madai Manane Bila Karatasi

Mlinzi wa kiwanda cha nguo aliichukua karatasi ya mshona kola mlangoni mwa chumba cha kikao, na simu pia. "Humu mnaingia na midomo yenu tu." Sheria hiyo iliwekwa mwaka ule wa mgomo, meneja alipogundua kwamba mshonaji asiye na karatasi husahau, na dai lisilotajwa kikaoni haliandikwi.

Mshona kola alitumwa na wenzake alete madai manane. Kubwa kuliko yote lilikuwa la mlango wa nyuma, unaofungwa kwa kufuli watu wakiwa ndani. Kichwa hubeba manne, matano; la sita likiingia, la kwanza linatoka. Kwa hiyo hakuyabeba. Aliyaweka kwa mawazo juu ya cherehani za laini ya tatu, safu yao ya kushonea, kila dai kwa mwenye kilio chake, kisha akapita katikati yake akiyataja: barakoa kwa mshona mifuko, choo kwa mshona mikono ya shati, kiti kwa mjamzito wa pindo.

"Mama hajambo?" meneja alimkatiza. "Ile miguu?"

"Hajambo, bosi."

"Wewe ulianza kazi tarehe ngapi vile?"

Huruma ya namna hiyo ina kazi yake. Mshona kola alijibu tarehe, akarudi mwanzo wa laini, akaanza upya, midomo ikimchezacheza.

"Unasali?"

"Natembea, bosi."

Alipofika kwa wa pasi, mwisho wa laini, karani wa kikao alimsogezea daftari. "Haya saba. Tia sahihi."

Vidole vyake saba vilikuwa vimekunjwa chini ya meza. Cha nane kilisimama peke yake.

"Limebaki moja."

"Lipi?"

Meneja alicheka. "Dai lenyewe hulijui, halafu linakuuma!"

Hakutia sahihi; bila sahihi ya mjumbe kikao hakifungwi. Alipita tena, polepole, akihesabu hata sakafu. Kati ya vifungo na pasi palikuwa na pengo. Cherehani ya matundu ya vifungo ilikuwa imepelekwa kwa fundi asubuhi ile, naye alilivuka pengo kama walivyolivuka wote. Mwenye cherehani hiyo ni wifi yake, ambaye siku moshi ulipojaa kiwandani aliupiga ule mlango uliofungwa mpaka viganja vikachanika.

"Mlango wa nyuma," alisema. "Kufuli litoke saa za kazi."

Karani alimtazama meneja.

"Kikao kimekwisha," meneja alisema.

"Kimekwishaje, bosi, na sahihi yangu hamna?"

Karani akaandika la nane.