Kipimo cha Mwanga

Afisa mifugo Lidia alitangaza vizuri tu: Alhamisi angeleta Mwamkulu kifaa cha kupima nyuzi za majani kwa mwanga, wafugaji waje na malisho yao. Lakini tangazo halijafika mdomo wa tatu, nyuzi zimeshadondoka njiani na majani nayo. Kilichofika mitaani ni kwamba inakuja mashine ya kupima mwanga. Na mwanga wanayemjua watu wa huku si wa taa, ni yule anayepaa na ungo watu wamelala.

Basi macho yote kwa bibi Nyanzala. Mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni, ulimi pilipili. Ng'ombe wa jirani yake, Malale, walikuwa wamekonda mpaka mbavu zinahesabika, na Malale alishaapa mbele za watu kwamba mchawi ni huyu mama. Mashine ikimkamata, afungashe virago arudi kwao Shinyanga. Nyanzala aliwacheka usoni. Alipofika nyumbani hakucheka. Aliogopa, tusidanganyane. Mumewe kazikwa nyuma ya nyumba ile, na Shinyanga hakubaki hata mtu wa kumfungulia mlango.

Siku yenyewe akatangulia yeye, kajipaka mafuta anang'aa. Lidia alikuwa anatoa kifaa chake, kidude kama tochi chenye kidirisha cha kioo, majibu yanasomeka kwenye simu.

"Anza na mimi," Nyanzala akasema.

"Bibi, hiki kinapima maja..."

Akafinywa mkono. "Najua, mjukuu wangu. Tangazo nililisikia kwako mwenyewe," bibi akamnong'oneza. "Wewe pima, soma kilichoandikwa, usiongeze neno."

Lidia akaangalia umati ulivyobanana, akaelewa. Nyanzala akaweka kiganja kwenye kioo. Taa ikawaka.

"Inasema haitambui."

"Haimtambui!" wakapokezana mpaka nyuma. Mashine haimjui kabisa huyu mama! Watu wakashusha pumzi. Kabula, jirani ambaye alikuwa hajamsalimia bibi tangu masika, ghafla akakumbuka shikamoo.

"Malale, baba," Nyanzala akaita kwa sauti ya asali, "mbona umejitenga? Lete na wewe."

Malale akaja na tita la mabua ya mahindi, makavu, ya msimu uliopita. Hata hakulitua, Lidia akalimulika likiwa mikononi mwake.

"Sabini na nane kwa mia," akasoma. "Mh! Imejaa kweli. Mwaka huu sijaona hivi."

Aliyesimama karibu na Malale akakumbuka ana shughuli upande wa pili. Mke wa Malale akamvuta mwanawe, akarudi nyuma.

"Kumbe anajiroga mwenyewe," mtu akasema.

"Afisa, imejaa nini?" Malale akauliza, jasho linamtoka.

"Nyuzi," Lidia akamjibu kwa sauti ya chini, asikie yeye peke yake. "Ng'ombe anajaza tumbo, chakula hapati. Lazima akonde."

Neno moja la Nyanzala lingetosha kumwokoa. Hakuwa na haraka. Akatoa ugoro, akanusa pua hii, akanusa ile, akapiga chafya kwa raha zake. Na raha ilikuwepo, Mungu amsamehe.

"Mama Nyanzala, waambie," Malale akaomba. "Hiki kidude kinapima majani. Watu hakipimi."

"Mimi sikusoma, baba. Waambie wewe."

Malale akawageukia. "Ni mabua! Mabua hayana chakula."

"Kwa hiyo ng'ombe?" bibi akamuuliza.

"Ng'ombe zangu zina njaa," Malale akasema chini chini. "Hakuna aliyeziroga."

Nyanzala akatega sikio.

"Rudia, baba. Wa nyuma hawajasikia."