Nyumba Namba Saba

Haya nimeambiwa na Batulo, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu hapa Mowlem, Jumatatu asubuhi nilipokuwa nafungua mizigo niliyorudi nayo kutoka matanga kule Yala. Mjukuu wangu Elsie, ambaye ndiye mwenye kisa, hakuniambia neno. Alinipokea begi, akanipikia, akaniuliza habari za shemeji zangu. Mtoto huyo akiumia hufunga mdomo, kama mama yake.

Elsie yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea uhandisi wa mazingira. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo zamani nilimwuliza hiyo ni kazi gani. Akasema, "Dani," ndivyo kwetu nyanya anavyoitwa, "ni kujua maji yametoka wapi, yamepita wapi, na yamebeba nini njiani." Nikasema basi hiyo ni kazi ya maana. Kumbe ukishajua hutakiwi kusema!

Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa utafiti wake. Elsie alichagua kisima cha hapa kwetu, kile cha pampu ambacho Bwana Nzuki, mwenye ploti hii tunamopanga, alichimba mifereji ilipoanza kukauka. Alipita mlango hadi mlango akichukua maji kwenye vichupa. Utaratibu wao ni kwamba majina hayaandikwi. Nyumba ya Batulo ikawa namba saba.

Majibu yalipotoka maabara akarudia kupima, yakawa yale yale. Maji yana kitu kinaitwa naitreti, kinatokana na vyoo na mabomba ya maji taka yanayovuja chini kwa chini, nacho kimepita kiwango kwa mbali. Mtu mzima anaweza kukinywa asione kitu. Mtoto mchanga kinamharibia damu, ikashindwa kubeba hewa, midomo ikageuka buluu. Elsie akampelekea msimamizi wake, Daktari Chege. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Akaambiwa, "Kazi nzuri. Sasa nyamaza mpaka jopo la watahini likae mwezi ujao. Uliweka sahihi kwamba matokeo hayatoki nje."

Mwezi ujao! Na namba saba ina mtoto wa miezi miwili.

Batulo anauza vitambaa Eastleigh, kwa hiyo mwanawe Mumin hushinda na nyanya yake, Qamar, mama mkwe wa Batulo, na hunywa maziwa ya kopo. Qamar ni mwanamke msafi kupita kiasi. Maji ya mtoto aliyaacha jikoni yatokote hadi sufuria ibaki nusu, ndipo aseme sasa uchafu wote umekufa. Hapa sote tulifunzwa hivyo na kipindupindu. Chemsha, na ukimaliza chemsha tena.

Elsie alilala na ile siri usiku mmoja. Kesho yake akabisha kwa Batulo, akamkuta Qamar na sufuria yake, na Batulo, ambaye siku hiyo hakwenda kazini.

"Mama, usimchanganyie mtoto maji hayo."

"Haya? Haya yanachemka tangu asubuhi!"

"Ndiyo ubaya wenyewe."

Qamar akaweka kifuniko chini. "Wewe Elsie. Nimekufuta kamasi kwenye ngazi hizi hizi. Leo umesoma, unakuja kuniambia maji yangu machafu?"

"Si machafu, mama. Ukitia chumvi kwenye mchuzi, kisha uuache motoni ukauke, chumvi inaenda wapi?"

Batulo anasema mama mkwe wake aliitazama ile sufuria kama aliyeonyeshwa nyoka ndani yake. Akaibeba, akaimwaga chooni, akamtuma Batulo maji ya chupa. Wala hakuishia hapo. Alishuka na kigoda chake akakaa kando ya pampu ya Nzuki, na kila mwanamke aliyekuja na mtungi akakutana naye.

"Una mtoto mchanga? Haya asiyaguse, hata uyachemshe mpaka Ramadhani. Wewe huna? Chota, mwanangu, lakini mwambie jirani yako."

Nzuki akapiga simu chuoni. Elsie akaitwa. Batulo hakukubali aende peke yake. Alimfunga Mumin kifuani wakaenda pamoja.

"Huyu ni nani?" Daktari Chege akauliza.

"Mimi ni namba saba," Batulo akasema, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Na huyu ni mtoto wa namba saba."

Daktari hakucheka. "Elsie, kuna utaratibu. Jopo kwanza, halafu chuo kinaiandikia kaunti, halafu kaunti inawaambia wananchi. Watu hao wamekunywa maji hayo miaka mingi. Mwezi mmoja ungewafanya nini?"

"Mumin ana miezi miwili, Daktari. Hiyo miaka mingi hajaiona."

"Usinijibu kama uko kwenye ngazi za huko kwenu."

Huko kwenu! Jamani, si huko kwetu ndiko alikoidhinisha vichupa vikajazwe? Tulimfungulia mjukuu wangu milango, tukamjazia, tukamwambia Mungu akubariki na masomo. Maji yetu yalifaa kuingia maabara yake, ila habari yake haifai kurudi kwetu?

Kisha akajifanya mwema. "Nitakusaidia. Nenda uwaambie wale akina mama kwamba matokeo hayajathibitishwa, waendelee kutumia maji. Mwombe mwenye kisima msamaha. Ukifanya hivyo utaingia mbele ya jopo na utahitimu na wenzako. Usipofanya, utafiti huu nimeufuta. Utarudia mwaka, na mada nyingine."

Na mimi wakati huo niko Yala, kwenye matanga, nawaalika shangazi zake kwa mahafali, nawaambia washone nguo za aina moja.

Batulo akamnong'oneza, "Sema ndiyo, dadangu. Sisi tumeshajua, hatutayanywa."

"Wewe umejua. Winny wa ghorofa ya nyuma anajifungua wiki ijayo." Akamgeukia Daktari. "Nilipima, nikarudia, na wewe mwenyewe ukakagua. Siwezi kuwaambia warudi kuchota."

"Basi umechagua."

"Nimechagua, Daktari."

Hapo Mumin akaanza kulia, kilio cha kusikika hadi koridoni. Daktari akasema mtoto atulizwe. "Mwache," Batulo akamwambia. "Hayo nayo ni matokeo."

Mwaka mzima, basi. Wenzake watavaa majoho, yeye atakaa na wadogo zake darasani, kwa kosa la kumwambia jirani. Nimevumilia mengi katika jiji hili, lakini hili sitalinyamazia. Kesho nakwenda na Qamar, na huyo Daktari atatuambia sisi wawili, machoni, kwamba mwezi mmoja si kitu.

Siku ile waliporudi jua lilikuwa bado juu. Elsie hakuingia kwangu, aliingia kwa Batulo, akajitupa kwenye zulia karibu na mtoto. Batulo akatayarisha chupa ya maziwa. Mumin akanywa, akalegea, akalala.

"Utamwambia Dani?" Elsie akauliza.

"Nitamwambia."

"Ngoja kwanza apumzike safari."

Batulo akageuka kutafuta leso ya kumfunika mtoto. Aliporudi, Elsie alikuwa amelala, viatu miguuni.