Namba ya Mguu wa Shemeji

Mdogo wake mume wangu alikuwa bingwa wa viatu vya kutembelea. Ubingwa wenyewe aliupatia kwenye kochi letu, kalala chali, simu kifuani. Tangu ahamie kwetu, safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka sebuleni kwenda jikoni, na hata hiyo aliikatisha njiani akisikia chakula hakijaiva. Nyumbani tulimwita Profesa.

Mimi kazi yangu ni kusoma mita za maji. Nyumba hadi nyumba, asubuhi mpaka alasiri, napanda ngazi, naruka mitaro, naingia vichakani kutafuta mita ambazo fundi aliyezifunga aliona aibu zionekane. Raba zangu zilipoachia soli, ulimi ukateleza nikalitaja jambo hilo mezani.

"Shemeji, kiatu hakinunuliwi kwa kubahatisha," Profesa akasema. "Kiatu ni sayansi. Niachie mimi."

Nikamwachia. Sijui nilikuwa na homa.

Hakuniuliza hata namba ya mguu. Alinipima kwa macho, akaagiza kwa simu bila kunyanyua kisigino. Zikaja raba za kijani kibichi, soli imepinda kama mtumbwi.

"Hizi ni za wakimbiaji wa mashindano," akanieleza.

"Mimi nashindana na nani? Zinabana."

"Lazima zibane. Kiatu kikikukumbatia ujue kinakupenda. Zitalegea zenyewe."

Zikanikumbatia wiki mbili. Visigino vikatoka malengelenge, ukucha wa kidole gumba ukageuka rangi ya zambarau. Profesa akauchunguza akiwa palepale kwenye kochi, kisha akatoa majibu: kiatu hakina kosa, tatizo ni ninavyotembea. Miaka kumi na mmoja naishi kwa kutembea, kumbe muda wote nilikuwa nakosea.

"Mvumilie," mume wangu akaninong'oneza. "Ndiye mdogo wangu wa pekee."

Kwa bahati nzuri, nikasema moyoni.

Siku iliyofuata nilipitia duka la viatu nikitoka kazini. Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Umekuja saa nzuri," akasema. "Asubuhi miguu bado midogo. Saa hizi imeshavimba, tunapima ukweli. Hizo ndizo soksi zako za kazini? Haya, simama. Uzito wote."

Akapima mguu wa kulia, akapima wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa mkubwa zaidi, nami sikuwahi kujua. "Tunanunua kwa huu," akasema. Akachukua raba moja, akaikunja. Ilipopinda katikati kama gazeti akairudisha rafuni. Akachukua nyingine iliyopinda kwenye vidole tu, akanivisha, akabonyeza kwa dole gumba pale mbele aone nafasi iliyobaki. Kisha akaniambia nishuke ngazi tatu za mlangoni. Vidole havikugonga mbele, kisigino hakikuchomoka. Rangi yake ilikuwa ya saruji mbichi. Nilitamani nimkumbatie yule mama.

"Hivyo ni viatu vya wajane," Profesa akatoa hukumu nilipofika nyumbani.

Wiki hiyohiyo ofisini walitafuta vibarua wa kuhakiki mita, nami, kwa mapenzi yangu yote kwa ukoo wa mume wangu, nikapeleka jina lake.

Jumatatu alitoka kifua mbele, amevaa raba nyeupe nyembamba alizozisugua kwa mswaki. Mtaa wa kwanza alinifundisha kupumua. Mtaa wa pili alinifundisha kukanyaga. Mtaa wa tatu akanyamaza, na kwa mara ya kwanza nikasikia ndege wanaoishi maeneo yale. Kufika mchana alikuwa anachechemea. Akaketi kwenye kizingiti cha mteja, akavua kiatu. Soksi ilikuwa na damu.

Sentensi yangu nilikuwa nimeiandaa kwa siku nyingi.

"Tatizo ni unavyotembea, shemeji."

Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Kisha akavua soksi, nikaviona vidole vyake. Vilikuwa vimekunjamana, cha pili kimepanda juu ya cha kwanza, kimeota sugu mgongoni. Hilo halikuwa jambo la asubuhi moja. Utamu ukaniishia mdomoni.

"Unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Nani alikupima?"

Akaangalia pembeni. "Kaka anavaa arobaini na mbili."

"Nimekuuliza wewe."

"Shemeji, kwetu viatu vilikuwa vya kaka. Akivichoka ndiyo vyangu. Nilipoanza kujinunulia, nikataja namba niliyoijua."

Jioni nilimkokota mpaka dukani. Yule mama akampima, akapandisha miwani, akampima tena.

"Arobaini na nne na nusu. Baba, ulikuwa huumii?"

"Nilidhani viatu ndivyo vilivyo," Profesa akajibu polepole.

Alipovaa vya namba yake akatoka nje, akashuka ngazi, akaenda zake. Tulimwona akifika kona, akigeuka, akirudi, akienda tena, mikono ikipepea, mwanaume mzima wa miaka thelathini na mbili.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Akaitazama miguu ya mdogo wake kama vile ndiyo kwanza anaiona.

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesema, ungenipa vipi vingine?"

"Nisingekuwa navyo."

Wakatazamana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka nikawaacha nikaenda kuoga.

Kesho yake Profesa aliamka kabla yangu akarudi kazini, na kabla hatujamaliza mtaa wa kwanza alikuwa ameshanieleza kwamba kalamu naishika vibaya.