Mgongo wa Fundi Misumari

Basi huyu fundi wa makochi walimwita Misumari kwa sababu kutwa alikuwa nayo mdomoni, akikusalimia unaogopa atakutemea mmoja. Mtu mwema, lakini siku hizo hashikiki kwa hasira. Magoti yalikuwa yamemgomea. Daktari alishamwambia mwisho wa kupiga magoti sakafuni ni mwezi huu, na kaka yake keshamtafutia kazi ya ulinzi, akae getini kwenye ghala la simenti. Tena kwenye kiti cha plastiki. Mtu aliyevalisha makochi miaka thelathini akazeekee kwenye plastiki!

Tegemeo lake likawa kozi ya mtandaoni. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuza mapazia ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alimrekodi akifundisha masomo kumi na mawili. Somo la kukunja kona za kitambaa wakalitoa bure, watu waonje, wakinogewa wanunue mengine. Miezi miwili, wanunuzi wanne. Na katika hao wanne, mmoja ni mkewe.

"Bei tumeshusha," Misumari alilalamika, anahesabu kwa vidole vilivyoganda gundi. "Picha tumebadili. Jina tumebadili mara tatu. Ukanivalisha tai, mimi, mpaka nikaigongomea kwenye kochi. Sasa unataka nicheze ngoma?"

"Kwa magoti hayo, shemeji? Utatuua kwa kicheko kabla hatujauza." Akatazama simu. "Watu wanalifungua somo la bure, wanafungua wengi tu. Ila wanaondoka dakika ya nne. Wote, kama wameambizana."

"Dakika ya nne kuna nini?"

"Mimi nitajuaje? Siku ile niliegesha simu kwenye rafu, nikawa najibu wateja wangu wa mapazia."

"Kumbe hujaliangalia!"

"Na wewe?"

Hata yeye hajaliangalia. Wakakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, wakaangalia. Mwanzo mzuri. Ilipofika kona, Misumari wa kwenye simu akasema, "Hapa ndipo penye kazi, tazameni kwa makini." Kisha akageuka. Mgongo. Shati la buluu lenye doa la gundi. Ko, ko, ko, dakika sita nzima mgongo unagonga. Halafu akageuka tena, kona imekaa kama imezaliwa hapo, akauliza, "Mmeona?"

"Tumeona shati," alijibu shemeji.

Misumari alibisha kwanza, mpaka wakarudisha nyuma. Ndipo akakumbuka. Marehemu fundi aliyemfundisha kazi alikuwa hivyo hivyo, akifika kwenye kona anawapa mgongo, maana mwanafunzi akiijua kona leo, kesho anafungua karakana ng'ambo ya barabara. Misumari mwenyewe aliijua kwa wizi, anafumua makochi wenzake wakienda kula. Naye wanafunzi wake akawageuzia. Mgongo ulishazoea, haukumwomba ruhusa.

"Yaani unauza ufundi huku umeuficha," shemeji alisema. "Mimi niuze pazia nimelishika nyuma yangu?"

Wakarekodi upya. Akageuka. Wakarudia, akageuka nusu. Mara ya tatu shemeji akaweka simu chini. "Shemeji, wewe ni mtu au mlango?"

Mwisho wakasukuma kochi, Misumari akakalishwa kwenye kigoda, kabanwa kati ya kochi na ukuta. Pa kugeukia hapana. Akashika kitambaa, mikono ikasita.

"Nikiionyesha, imekwisha," alisema taratibu. "Kila mtu atakuwa nayo."

"Na usipoionyesha, utaenda nayo getini."

Akaitema misumari kiganjani. Akavuta kitambaa, akaonyesha mkunjo wa kwanza unaingia ndani, si nje, na kidole gumba kinakaa wapi. Akarudia polepole. Shemeji akaisogeza simu karibu na kidole.

Kesho yake mchana shemeji alikuja karakana na simu. Wanunuzi kumi na mmoja wapya, na mmoja wa wale wanne wa zamani ametuma picha ya kona yake. Misumari aliitazama, akasonya.

"Kavuta mno kushoto. Mwambie afumue."

Papo hapo kaka yake akapiga, anauliza getini anaanza lini.

"Kiti hicho wampe mwingine, kaka," alisema Misumari. "Mimi nina mwanafunzi hapa, kona yake imepinda."